Nyumba, Jembe na Ng'ombe: Somo juu ya Jamaa na Kazi huko Sirari

Katika somo la mwezi huu twataka kutazama jambo ambalo kila mtu huliona kila siku, lakini ni wachache waliopata kukaa na kulifikiri. Jambo lenyewe ni jamaa ya nyumbani: imejengwa juu ya nini, yasimama kwa kazi ya nani, tena imefungwa na jirani zake kwa kamba gani. Hatutasema habari za jamaa zote za dunia, kwa maana mshika mbili moja humponyoka. Tutasimama Sirari, katika wilaya ya Tarime, penye mpaka wa Tanzania na Kenya, tuzitazame jamaa za Wakurya wakaao huko. Mengi tutakayoyaona yatawafaa hata wasomaji wa mbali.

Iko elimu iitwayo elimu ya jamii, na wengine huiita sosholojia. Wenye elimu hiyo hutazama maisha ya watu kama fundi atazamavyo nyumba. Fundi haulizi tu kama nyumba ni nzuri. Huuliza ni nguzo ipi inayobeba paa, na nguzo hiyo ikiondolewa ni nini kitakachoanguka. Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis, aliandika tangu mwaka 1377 juu ya nguvu ya umoja wa ukoo, jinsi iwafanyavyo watu wasimame pamoja. Mfaransa Émile Durkheim alieleza mwaka 1893 ya kwamba watu hushikamana kwa njia mbili: wengine kwa sababu wafanana, na wengine kwa sababu kila mmoja ana kazi yake na kwa hiyo amhitaji mwenziwe. Njia hizi mbili zote tutaziona Sirari.

Basi, mbele ya kila desturi tutauliza maswali matatu. La kwanza: Desturi hii yafanya kazi gani? La pili: Ni nani abebaye mzigo wake? La tatu: Ikiondolewa, ni kitu gani kitakachofanya kazi hiyo badala yake? Mtu aulizaye swali la kwanza peke yake huwa mtetezi wa kila kitu cha zamani. Aulizaye la pili peke yake huwa mlaumu tu. Naye asiyefika kwenye la tatu, maonyo yake husikiwa asubuhi na kusahauliwa jioni.

1. MAHALI PENYEWE

Sirari ni mji wa mpakani. Barabara kuu itokayo Mwanza na Musoma hupita Tarime na kufika Sirari. Ng'ambo ya mpaka uko mji wa Isebania wa nchi ya Kenya, na toka huko barabara huendelea mpaka Migori, Kisii na Kisumu. Mgeni afikapo huona ofisi za forodha, malori yaliyopanga mstari, wabadili fedha, vijana wa bodaboda, na akina mama wenye ndizi na viazi. Hudhani ameona mwisho wa watu wa namna moja na mwanzo wa watu wa namna nyingine. Sivyo.

Mpaka huu haukuwekwa na wenyeji. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipatana huko Ulaya, wakapiga mstari toka mto Umba karibu na bahari, wakauzungusha kaskazini ya Kilimanjaro, wakaufikisha pwani ya mashariki ya Ziwa Viktoria, penye digrii ya kwanza ya kusini. Mstari huo uliikata nchi ya Wakurya. Nao Wakurya wamegawanyika katika makundi makubwa, kila kundi na nchi yake. Kundi moja huitwa ikiaro, na yakiwa mengi huitwa ibiaro. Abakira, Abanyabasi na Abairege wako pande zote mbili hata leo. Kwa hiyo mtu aweza kuwa na mjomba Kenya na wakwe Tanzania, wala hakutoka katika watu wake.

Mwaka 1977 Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilivunjika, Tanzania ikaufunga mpaka, ukakaa hivyo mpaka mwaka 1983. Serikali iliweza kuifunga barabara, lakini undugu haukufungika. Watu waliendelea kuoana, kuzikana, na kudaiana ng'ombe. Baadaye nchi zenyewe zilirudiana: mkataba wa Jumuiya mpya ulitiwa sahihi mwaka 1999, na soko la pamoja likaanza mwaka 2010. Serikali zilirudia kwa kalamu jambo ambalo jamaa za mpakani hazikuliacha.

2. MJI NI WA BABA, NYUMBA NI YA MAMA

Mtu wa pwani asikiapo neno nyumba hufikiri kuta na paa. Mkurya asemapo nyumba, mara nyingi ana maana ya mama mmoja na watoto wake. Mji wote ni wa baba, naye ndiye msemaji wake. Lakini akiwa na wake watatu, mji wake una nyumba tatu, na kila nyumba ina shamba lake, ghala yake, na ng'ombe wanaohesabiwa kuwa wake. Kitabu cha Eva Tobisson, kilichotolewa Göteborg huko Uswidi mwaka 1986, kilichunguza mambo haya ya jamaa za Wakurya wa Tanzania, na asomaye ataona jinsi nyumba ilivyo mzizi wa yote.

Sasa angalieni mahari. Binti wa nyumba ya kwanza akiolewa, ng'ombe wanaokuja ni wa nyumba ile. Kwa haki watatumika kumwolea mke kaka yake wa tumbo moja, wala si mwana wa nyumba ya pili. Baba akiwachukua ng'ombe wa nyumba hii akaoa kwa ajili ya nyumba ile, deni limezaliwa ndani ya mji wake mwenyewe. Deni hilo halifi baba afapo. Ndugu wa baba mmoja waweza kulidaiana wakiwa na mvi, na mara nyingi ugomvi wa mashamba tuusikiao barazani ni deni la namna hii lililovaa nguo nyingine.

Matokeo yake ni rahisi kuyaona. Nyumba yenye mabinti watatu na mwana mmoja ina nafasi. Nyumba yenye wana wanne na binti mmoja ina shida: ng'ombe wa dada huyo mmoja wataoa mke wa nani? Mkubwa ataoa, na wadogo watangoja. Wakingoja sana, watatafuta njia nyingine. Habari ya njia hiyo itakuja mbele kidogo.

3. JEMBE LASHIKWA NA NANI?

Tumeona mali ya nyumba. Tuulize sasa ni kazi ya nani inayoilisha.

Nchi ya Tarime ni ya vilima, yenye mvua na udongo mzuri. Huota ulezi, mahindi, mihogo, ndizi, viazi vitamu na kahawa. Zamani wanaume walifyeka pori, walijenga, walichunga na kulinda ng'ombe. Wanawake walilima, walipalilia, walivuna, walisaga, walichota maji na kutafuta kuni. Plau ya kukokotwa na ng'ombe ilipoingia, wanaume waliishika. Nayo ilipanua shamba. Lakini shamba likipanuka, palizi nayo hupanuka, na palizi ilibaki mkononi mwa mama. Kazi ya mume ilipungua saa, kazi ya mke ikaongezeka.

Hata hivyo kazi haikufanywa na nyumba moja peke yake. Uko ujima ambao Wakurya, kama jirani zao Wagusii, huuita risaga. Mwenye shamba huwaita jirani, hupika pombe ya ulezi na chakula, nao huja na majembe, hulima kwa siku moja kazi ambayo ingemchukua mwezi. Kesho yake yeye huenda kwa wengine. Hakuna karani aandikaye, lakini kila mtu ajua ni nani aliyekuja na ni nani aliyetuma udhuru mara tatu. Hii ndiyo njia ya kwanza ya Durkheim: watu wafananao, walimao zao moja, huhitajiana kwa nguvu tu.

Kisha ilikuja kazi ya mshahara. Katika siku za Waingereza Wakurya wengi waliandikwa katika jeshi la King's African Rifles, na baada ya uhuru wengi waliingia jeshini na polisi. Kahawa ilileta fedha, na mara nyingi fedha ya kahawa iliingia mfukoni mwa baba, ingawa matunda yalichumwa na mama na watoto. Tangu mwaka 2002 mgodi mkubwa wa dhahabu wa North Mara umekuwa ukichimba huko Nyamongo. Na hapo Sirari yenyewe kazi ni biashara ya mpaka.

Biashara hii imebadilisha jambo moja kubwa. Mwanamke mwenye mzigo wa mahindi au maharage hupokea fedha mkononi mwake mwenyewe. Jumuiya ya Afrika Mashariki imeweka utaratibu mwepesi kwa wafanya biashara wadogo: bidhaa zilizotoka katika nchi za Jumuiya, zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, huweza kupewa cheti cha asili palepale mpakani na kuvushwa bila ushuru wa forodha. Mwenye kukijua cheti hicho hupita mlangoni mchana. Asiyekijua huzunguka njia za vichochoroni, huwaogopa askari, na faida yake huishia kwa watu wa kati. Kwa hiyo kumweleza mama mmoja habari ya karatasi hiyo ni kumwongezea chakula nyumbani, naye hakuombwa jasho zaidi.

4. KAMBA YA NG'OMBE

Mwaka 1925 Mfaransa Marcel Mauss alitoa insha yake mashuhuri juu ya zawadi. Alionyesha ya kwamba zawadi haimaliziki inapotolewa: hudai kupokewa, tena hudai kurudishwa, na kwa njia hiyo hufunga watu. Mahari ni mfano ulio wazi. Watu wengine, hasa wageni, walisema mahari ni kununua mke. Lakini aliyenunua mbuzi sokoni hana habari tena na aliyemwuzia. Aliyetoa mahari, kinyume cha hayo, amepata wakwe wa maisha: atawaheshimu, atawasaidia msibani, na watoto wake watakuwa na wajomba. Ng'ombe ni mashahidi wa ndoa wenye miguu minne.

Hilo ndilo jibu la swali la kwanza, nalo ni jibu la heshima. Tusilipite swali la pili.

Tuseme katika nyumba moja yupo kaka wa miaka 22 na dada wa miaka 14. Kaka ataka kuoa, na ng'ombe hawapo. Dada yuko darasa la saba, na ng'ombe wake wangeweza kuwapo mwezi ujao. Hakuna mtu mwovu katika nyumba hii. Baba ataka mwanawe awe mtu mzima mwenye mji. Mama ataka mkaza mwana wa kumsaidia shamba, maana mgongo wake umechoka kwa ile palizi tuliyoitaja. Kaka ataka haki ambayo kila rafiki yake ameipata. Wote watatu wana sababu njema, na sababu zote tatu zaegemea bega moja, bega la mtoto wa darasa la saba.

Tena fungo halikai hapo tu. Dada akiisha kuolewa, na ng'ombe wake wakiisha kumwoa mke wa kaka, ndoa mbili zimefungwa kwa kamba moja. Dada akipigwa huko alikoolewa, akakimbilia nyumbani, wakwe watadai ng'ombe wao. Wako wapi? Wamekwisha kwenda kwa baba wa wifi yake. Ndiyo maana mama humwambia, "Mwanangu, vumilia, urudi." Si kwamba mama hana huruma. Ajua ya kwamba binti akirudi, nyumba ya kaka yatikisika. Mtu awezaye kulaumu uvumilivu huo ni wengi. Anayeona kamba yenyewe ni wachache.

Na ile nyumba yenye wana wanne na binti mmoja? Michael Fleisher alifanya uchunguzi wake katika Tarime miaka ya 1990, na mwaka 2000 alitoa kitabu juu ya unyang'anyi wa ng'ombe wa Wakurya. Alieleza ya kwamba zamani vijana walitwaa ng'ombe wa watu wengine ili kukuza zizi na kupata sifa. Siku za karibu kazi ile iligeuka kuwa biashara: ng'ombe waliibwa hata kwa Wakurya wenzao wa ikiaro kingine, wakauzwa kwa fedha, na wengi walivushwa mpaka kwenda Kenya. Bunduki zilizoenea baada ya vita vya Uganda vya mwaka 1978 na 1979 ziliifanya kazi hiyo kuwa ya mauti. Mwaka 2004 yeye na mwenziwe Garth Holloway walichunguza hesabu ya kaka na dada katika nyumba, wakitafuta kujua kama yahusiana na kijana kuingia katika unyang'anyi. Nao waliiita makala yao kwa jina la tatizo la wavulana. Basi mwizi wa ng'ombe hatoki porini. Mara nyingine ni mwana wa tatu katika nyumba yenye dada mmoja.

Watu walijikinga kwa sungusungu, jeshi la jadi lililoanza kwa Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kuenea mpaka Tarime. Sungusungu waliweza kumkamata mwizi. Hesabu ya mahari iliyomsukuma hawakuweza kuikamata.

5. NYUMBA ISIYO NA MWANA WA KIUME

Desturi nyingine ya Wakurya yajulikana mbali, nayo husimuliwa vibaya na wasioielewa. Ni nyumba ntobhu. Mwanamke mwenye umri, labda mjane, ambaye hakuzaa au hakuzaa mwana wa kiume, hutoa mahari na kumwoa mwanamke kijana. Huyu huzaa na mwanamume, na watoto ni wa nyumba ya mama yule mkubwa. Mwanamume hana madai juu yao. Baina ya wanawake wawili hawa hakuna mambo ya mume na mke kitandani. Yule mkubwa ni kama mkwe, na yule mdogo ni kama mkaza mwana wa kijana ambaye hakuzaliwa.

Desturi hii yafanya kazi gani? Kwa kanuni ya zamani, shamba na ng'ombe hushikwa na wana wa kiume. Nyumba isiyo na mwana huzimika kama moto, na mama wake hubaki mgeni katika ardhi aliyoilima miaka arobaini. Nyumba ntobhu humpa mama huyo mrithi, mikono ya kulima, na mtu wa kumzika. Si jambo dogo. Wako pia wanawake vijana walioona heri kukaa katika nyumba ya namna hiyo kuliko kukaa na mume apigaye.

Lakini ni nani abebaye mzigo? Mara nyingi yule kijana alitolewa na baba maskini apate ng'ombe, naye hakuulizwa. Watoto wake waweza kukua bila baba wa kuwalipia mahitaji ya shule. Mama mkubwa akifa, ndugu wa marehemu mume wake waweza kuja na kusema, "Ninyi ni nani hapa?" Kwa hiyo ngao ya mjane mmoja imekuwa mzigo wa msichana mmoja. Hatuwezi kuiona nusu moja tukaiacha nusu ya pili.

6. SALAMU NA UJIRANI

Mpaka sasa tumesema juu ya mali. Lakini watu hawakai pamoja kwa mali peke yake. Hukaa pia kwa salamu. Malcolm Ruel, aliyekaa kwa Wakurya katika miaka ya 1950, aliandika juu ya vizazi vyao vyenye majina manane. Vinne vya kwanza ni Abasaai, Abanyambureti, Abagamunyere na Abamaina. Vinne vya pili ni Abachuma, Abamairabe, Abagini na Abanyangi. Mwana huingia katika kizazi kinachofuata kile cha baba yake, na cha nne kikiisha huanza tena cha kwanza. Kwa hiyo mtu aliye wa kizazi kimoja na baba yako ni kama baba yako, hata kama umempita kwa miaka. Utamwamkia kwa heshima, wala hutafanya naye mzaha.

Mgeni aweza kuona mambo haya kuwa mchezo wa majina. Sivyo. Mkurya wa Sirari akikutana na Mkurya wa Kehancha huko Kenya, ambaye hawajaonana kamwe, wakiulizana kizazi wajua mara moja nani aanze salamu, nani atoe kiti, na maneno gani yasisemwe. Nchi mbili, vitambulisho viwili, fedha mbili, lakini adabu moja.

Sokoni mambo ni mengine. Hapo wamo Wajaluo, Wagusii, Wasukuma, Wajita na wengine, nao hawana vizazi vya Wakurya. Wamefungwa kwa njia ya pili ya Durkheim: mwenye lori amhitaji mpakizi, mpakizi amhitaji mama ntilie, mama ntilie amhitaji muuza mkaa. Kiswahili ni lugha yao na shikamoo ni salamu yao. Lakini fungo hili ni jepesi kuliko lile la kijijini. Mtu akikudhulumu kijijini, wamjua baba yake. Akikudhulumu sokoni, kesho amehama. Kwa hiyo vyama vya kuweka na kukopa, vikundi vya akina mama, na vyama vya madereva wa bodaboda si vitu vya kupuuzwa: vyajaribu kufanya mjini kazi ambayo risaga na kizazi hufanya kijijini.

7. NI NINI BADALA YAKE?

Tumefika kwenye swali la tatu, nalo ndilo gumu.

Sheria imesema mengi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu binti kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Tanzania, katika shauri lililoletwa na Rebeca Gyumi, iliamua ya kwamba ruhusa hiyo yapingana na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu ile. Mwaka huohuo wa 2016 Sheria ya Elimu iliongezwa nguvu: amwoaye mwanafunzi wa shule ya msingi au ya sekondari aweza kufungwa miaka 30. Ukeketaji wa msichana wa chini ya miaka 18 ulikatazwa na sheria ya mwaka 1998. Kenya iliukataza kabisa mwaka 2011, na hata kumvusha mtu mpaka kwa ajili hiyo ni kosa. Maana imejulikana ya kwamba wasichana hutolewa upande mmoja wakapelekwa upande wa pili, ili wakwepe macho ya serikali yao. Mwaka 2019 wajumbe wa Kenya, Tanzania, Uganda, Ethiopia na Somalia walikutana Mombasa wakapatana kuuzuia uvushaji huo.

Je, sheria yatosha? Hesabu ya afya ya taifa ya mwaka 2015 na 2016 ilionyesha ya kwamba katika mkoa wa Mara wanawake 32 katika kila 100 walikuwa wamekeketwa. Ukeketaji nao umefungwa kwenye ile kamba: uliitwa mlango wa utu uzima, na msichana aliyeupita ndiye aliyehesabiwa kuwa tayari kwa ng'ombe. Kwa hiyo nyumba za usalama, kama ile ya Masanga katika Tarime na ile ya Mugumu katika Serengeti, hazikuridhika kuwaficha wasichana wakati wa majira ya kukeketwa. Huko hufundishwa, na wazee wao huitwa wasemezane nao, ili binti arudipo asionekane kuwa mtoto asiyevuka. Angalieni hekima yake. Waliondoa kisu, wakaweka mafundisho mahali pake, hawakuacha shimo.

Kwa mfano huo tuyapime mengine. Mahari ilishuhudia ndoa. Cheti cha ndoa na mashahidi wa pande mbili waweza kushuhudia, na mahari ikabaki kiasi kidogo cha heshima, kisichomfunga binti asiweze kurudi. Nyumba ntobhu ilimlinda mjane asinyang'anywe shamba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yampa mwanamke haki ya kushika ardhi sawa na mwanamume, naye aweza kuomba hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina lake, akaandika na wosia mbele ya mashahidi. Mama alihitaji mkaza mwana wa kumsaidia palizi. Mume na wana waweza kushika jembe la palizi, wala mkono wa mwanamume haukatiki kwa kupalilia.

Na yule kaka wa miaka 22? Hapa ndipo wengi hukosea njia. Mwalimu asikiapo ya kwamba binti wa darasa la saba ataozwa, huenda kwa baba, humwonya, humtajia kifungo cha miaka 30. Baba hunyamaza, na mwezi ujao binti amekwisha kuvushwa mpaka kwa shangazi. Yafaa kwenda pia kwa kaka. Yeye ndiye ambaye ng'ombe wale walikuwa wakimjia. Aambiwe waziwazi: "Ng'ombe hawa wakija, dada yako hatakuwa na mlango wa kurudia, na ndoa yako itakaa juu ya mgongo wake." Kisha asiachwe na maneno matupu. Ukoo na majirani wakae pamoja, wamsaidie apate shamba la kahawa la kulitunza, au mkopo wa kikundi, au kazi ya biashara, ili ng'ombe wake wa kwanza awe wa jasho lake. Wakwe nao waombwe wakubali kupokea kidogokidogo. Kaka akisema mbele ya wazee, "Mimi sitaki ng'ombe wa dada yangu, acheni asome," neno lake lina uzito ambao neno la mgeni halina, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na haki ya kuwataka.

Tangu mwaka 2016 shule za serikali hazitozi ada mpaka kidato cha nne. Mlango wa shule uko wazi. Kamba ya ng'ombe ndiyo imshikayo binti mguu, na mwenye kushika ncha ya pili ya kamba hiyo mara nyingi ni kaka yake.

MASWALI YA MAZUNGUMZO

Kiongozi wa kikundi awaulize wanaume na wanawake mbalimbali kwanza, kisha awakutanishe wasikie majibu ya wenzao.

1. Katika kijiji chetu, ni kazi zipi zilizoongezeka kwa akina mama tangu plau na mazao ya fedha kuingia? Ni zipi zilizopungua kwa akina baba?

2. Je, wako hapa ndugu wa baba mmoja wanaodaiana ng'ombe wa zamani? Deni hilo lilizaliwa katika nyumba ipi, nalo laweza kumalizwaje kabla halijarithiwa?

3. Mjane wa mahali petu ashika shamba kwa jina la nani? Ni nani awezaye kumsindikiza mpaka ofisi ya kijiji kuulizia hati?

4. Akina mama wetu wauzao mpakani, je, wakijua cheti cha asili cha bidhaa ndogo? Ni nani atakayewaeleza siku ya soko?

5. Taja desturi moja uipendayo. Yafanya kazi gani? Mzigo wake uko juu ya bega la nani? Na ikiwa bega hilo ni la mtoto, sisi tuliokaa hapa tutaweka nini badala yake?